Mbawakawa Niliyemwita Dumuzi

Siku ya kuniaga mlinitaka niseme machache. Mgeni rasmi alikuwa ameshasema mengi na pilau ilikuwa inapoa, kwa hiyo nilipopewa kipaza sauti nilisema ahsanteni, nikakaa. Mama mmoja wa masjala hunishukuru kwa hotuba ile mpaka leo. Niliyoyameza siku ile ndiyo haya ninayowaandikia sasa, wadogo zangu, nikiwa barazani kwangu Bunju na miwani mbili: moja ya kuandikia, nyingine ya kuitafutia hiyo ya kuandikia.

Vyeo na mshahara nitaviruka. Havikuwa virefu kiasi cha kunishinda kuruka.

Baba yangu alibeba magunia bandarini tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Siku nilipomwambia nami nimeajiriwa hukohuko aliuliza nitabeba nini. Nikamwambia lenzi. Akauliza ina uzito gani. Mama, aliyekuwa anachambua mchele palepale uani kwetu Temeke, hakuinua kichwa. "Yaani umesoma miaka yote hiyo, Mwanaidi, ukaangalie mende?" Nikamwambia mende wamo ofisini, ila hatuwakagui.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ni hii: kinyago, mbao, kasha, chochote cha mti kinachotoka nchini au kuingia, mmoja wetu lazima akigonge, akichungulie, aandike kwamba hakina mdudu wa hatari. Ndipo kinapigwa muhuri. Asipoandika hivyo, hakiendi.

Aliyenifundisha ni Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, mwenye brashi ya kuchorea picha kwenye mfuko wa shati wakati wote. Wageni walidhani ni msanii. Asubuhi yangu ya kwanza alinikabidhi sanduku la bati: kisu cha kukunja, msumari wa inchi sita, kibano, lenzi yenye kamba ya kuvaa shingoni, chupa nne za dawa ya kikohozi zilizooshwa na kutiwa spiriti, na brashi kama ile yake.

"Brashi ni ya nini, mzee?"

"Ya kumbembelezea mdudu aingie kwenye chupa. Kibano kinavunja miguu. Na mdudu bila miguu ni mtu bila kitambulisho."

Akanipeleka nyuma ya banda, palipokuwa na gogo la mkorosho lililolala miaka, akaniambia nikae nalo mpaka nione kitu. Nilikaa saa nzima. Aliporudi nikamwambia nimeona gogo limeoza. "Vizuri," akasema. "Sasa livunje."

Ndani ya ule uozo, kwenye mti uliokuwa laini kama keki ya jana, alikuwamo mdudu mweusi tii, mrefu kama kucha ya kidole gumba, mgongo wenye mistari iliyonyooka. Nilipomgusa alikunja miguu akatulia kama maiti. Nikamshika. Vidole vyangu vikanuka dawa ya kidonda, na baada ya muda vikawa na doa la kahawia ambalo sabuni haikuliondoa. Kando yake kulikuwa na mabuu ya njano, membamba, magumu kama waya.

"Huyu ni mbawakawa," alisema Mzee Komba. "Jamaa zake ni wengi, wengi wao weusi, wengi wao wapenda giza. Huyu wa hapa anakula mti uliokwisha kufa na kuoza, pamoja na ukungu uliomo. Mti mzima hauwezi, meno hana. Kazi yake ni kuurudisha udongoni. Dumuzi ndiye anayebungua mti mkavu, mzima, akaugeuza unga. Dumuzi akisafiri ndani ya kinyago, atakula nyumba ya watu huko aendako. Mbawakawa huyu akisafiri, atakufa njaa. Sasa utawatofautishaje?"

Nikasema kwa rangi. Akatikisa kichwa. Kwa ukubwa? Akatikisa tena. Kisha akaniwekea lenzi jichoni, akanionyesha nyayo za mdudu yule, ambazo zimeungwa kwa vipingili vidogo kama shanga. Mguu wa mbele vipingili vitano. Wa kati vitano. Wa nyuma vinne. "Tano, tano, nne," akasema. "Dumuzi ana tano kote. Usiniambie jina la mdudu kabla hujafika mguu wa nyuma."

Nilifika mguu wa nyuma kila siku kwa miaka kadhaa. Nilikagua milango ya mninga, matarumbeta ya kuchonga, siku moja kitanda kizima cha Kipemba ambacho mwenyewe alikataa kishushwe akidai wadudu wote aliwahamisha kwa kisomo. Niliwakuta watatu. Akasema hao ni wapya.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengine mmelisikia vipande vipande kwenye foleni ya chai.

Mzee Komba alikuwa likizo kwao Songea. Wiki moja kabla, shehena ya vinyago iliyopita kwetu ilirudishwa kutoka ng'ambo ikiwa na dumuzi wazima, na mkuu wa kituo akatusomea barua yao kikaoni, mstari kwa mstari, mara mbili. Jina la mkaguzi alilitaja mara tatu. Halikuwa langu, lakini nilitoka pale nikiwa nimeamua halitakuwa langu kamwe. Wadogo zangu, mkaguzi mwenye hofu ni hatari kuliko mkaguzi mlevi. Mlevi angalau siku moja moja anaruhusu.

Siku hiyo likaletwa kasha moja kutoka Mwenge, kwenye vibanda vya wachongaji. Mwenyewe alilifuata kwa miguu nyuma ya toroli, amevaa suti kama anayekwenda kanisani. Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, mchongaji, wakati ule ana miaka hamsini na kitu. Alikuwa amealikwa kwenye maonyesho nje ya nchi, yeye na kazi yake. Pasipoti ilikuwa mfukoni, mpya, na alinionyesha bila kuulizwa. Picha yake mle ndani ilikuwa na uso wa mtu anayejizuia kucheka.

Tulifungua kasha. Nimeona vinyago vingi na vingi vilikuwa ndugu wa tumbo moja: simba, twiga, mzee na mkongojo. Hiki hakikuwa na ndugu. Lilikuwa gogo la mpingo la kufika kiunoni, na juu yake watu saba wamebeba kitanda cha kamba, na kitandani mwanamke amelala ubavu. Kila mbebaji alikuwa na uso wake. Mmoja alikuwa amegeuka nyuma, kama mtu aliyeitwa. Mzee Nandonde alisema ni mke wake, siku walipombeba kutoka kijijini kwenda barabarani kutafuta gari la hospitali. Aliwataja wale saba kwa majina. Sikuuliza kama walifika.

Chini, kwenye kitako, hakuchonga. Aliliacha gogo kama lilivyookotwa porini, na ganda lake, na ule mti mweupe unaozunguka kiini ukiwa umeoza na kujaa matundu. Alitaka ionekane walikuwa wanatembea juu ya nini.

Nikachokoa matundu kwa msumari. Ukatoka unga, na nyuma ya unga akatoka mdudu mweusi. Nikasahau brashi, nikamkamata kwa kibano, kwa nguvu. Nikahesabu mguu wa mbele: tano. Wa kati: tano. Miguu ya nyuma ilikuwa imekatika. Nikasema moyoni, tano na tano zinatosha.

"Dada," alisema Mzee Nandonde, kwa upole tu, "huyo hali mti mzima. Anakula kilichooza. Kwetu magogo yote ya porini anakaa. Uliona alivyojifanya amekufa?"

"Mzee," nikamwambia, "kila mtu na kazi yake. Wewe chonga, mie nikague."

Sentensi hiyo naikumbuka vizuri kuliko semina zote nilizohudhuria, na semina zilikuwa na chakula.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku vitatu: ruhusu, fukiza, teketeza. Mtambo wa kufukizia dawa ulikuwa mbovu, ukisubiri kipuri. Kulikuwa na njia ya nne ambayo haikuandikwa kwenye fomu, nayo ni kulizuia kasha na kumsubiri Mzee Komba arudi amhesabu mdudu mwenyewe. Meli ingeondoka bila kasha, maonyesho yangepita, lakini kinyago kingekuwapo. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tatu, na mdudu nikamtia kwenye chupa ya kumbukumbu, kama kawaida yetu. Mkuu wa kituo akatia saini bila kukaa chini.

Mpingo hauungui upesi. Hilo sikulijua. Tulikiweka kwenye shimo la kuteketezea asubuhi, na adhuhuri watu saba walikuwa bado wamebeba kitanda. Mhudumu akaongeza dizeli, akaongeza tena. Mzee Nandonde alisimama pale na suti yake. Nilimwambia haruhusiwi kukaa hapo, kanuni hazimruhusu. Akasema, "Nimewaleta mwenyewe, niache niwasindikize." Nikamwacha. Kufika alasiri alikunja karatasi zake, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Vidole vyangu siku ile vilikuwa na doa la kahawia. Nilidhani ni wino wa muhuri.

Mzee Komba alirudi baada ya wiki moja, akapitia chupa zote za kipindi asichokuwapo, kama kawaida yake. Alikaa dirishani, maana hadubini yetu taa yake ilikuwa imekufa tukawa tunatumia jua. Akaniita.

"Huyu miguu ya nyuma iko wapi?"

"Ilikatika, mzee."

Akaitikisa chupa, akaimwaga taratibu kwenye kisahani. Chini kabisa ya spiriti ulikuwamo mguu mmoja, mwembamba kama kope. Ulikuwa pale muda wote. Akausogeza kwa brashi, akainuka, akanipisha kiti. "Hesabu."

Nikahesabu. Nne. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Ilikuwa nne vilevile.

Hakunifokea, ingawa ningemshukuru kama angefanya hivyo. Alisema, "Faili limefungwa, Mwanaidi. Mie nikiulizwa nitasema kweli, ila simwoni wa kuniuliza." Akarudisha mdudu kwenye chupa na mguu wake, akakaza kifuniko, akaiweka mezani kwangu.

Ilikaa mezani siku tatu. Ya nne nikaitia kwenye mkoba nikaenda Mwenge.

Nilimkuta Mzee Nandonde kibandani kwake, lakini hakuwa anachonga. Alikuwa anapiga msasa vijiko vya saladi vya fundi mwingine. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, na yote yalibaki huko njiani. Nikatoa chupa.

"Nilikosea," nikasema. "Ulisema kweli. Si dumuzi."

Aliishika juu kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. "Mmemvunja," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Akaendelea na msasa. Kijiko kimoja, cha pili. Sikujua kama nimefukuzwa. Hatimaye akasema, bila kuniangalia, "Mawakala wa kusafirisha hawachukui kazi yangu sasa. Wanasema mbao za Nandonde zina wadudu, zitawachomea makasha yote. Nimechonga tangu sijaota ndevu. Leo napiga msasa vijiko." Akaweka kijiko chini. "Kile kimeshaungua. Sikudai kile. Wewe uliandika mti wangu una dumuzi. Niandikie kwamba hauna."

"Nitaandika."

"Kwa karatasi. Si kwa mdomo. Mdomo hata mie ninao."

Nikarudi kwa mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mpole aliyeogopa karatasi kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Bi Mwanaidi," akaniambia, "umekosea, sawa. Umeomba radhi, vizuri sana, Mungu amekuona. Lakini ofisi haikosei kwa maandishi. Leo utaandika hili, kesho kila aliyechomewa kitu atakuja na lake." Nikamuuliza kama walikuwapo wengine waliochomewa kwa makosa. Akasema ndiyo maana hataki waje.

Karatasi ya ofisi alininyima, na muhuri akaufungia. Nikanunua daftari la mazoezi, nikachana kurasa za katikati, nikaandika kwa mkono: mimi nani, kazi yangu nini, mdudu niliyemkuta alikuwa mbawakawa wa mti uliooza asiyedhuru mti mzima, nilimtambua kwa pupa, mwenye mali aliniambia sikumsikiliza, mti wake ulikuwa safi. Nikatia saini na jina kamili. Nakala moja nikaitia kwenye faili, nyingine nikazipeleka mwenyewe kwa mawakala, ofisi kwa ofisi. Mmoja aliisoma akaniuliza kama ninaumwa. Mzee Komba, bila kuombwa, alikuwa ameongeza mstari chini ya kila nakala: nimemhesabu mdudu huyu, ni tano, tano, nne. Akaweka sahihi yake.

Nilipewa barua ya onyo kali, iliyoandikwa vizuri kuliko yangu, nikahamishiwa banda la chaga tupu, zile za kupangia mizigo. Kwa miaka miwili nilikagua mbao ambazo hazijabeba kitu. Mama alisema angalau nimepanda hadhi: baba alibeba magunia, mie naangalia yalipowekwa.

Mawakala walirudi kwa Mzee Nandonde mmoja mmoja. Si wote. Waliomwalika ng'ambo hawakumwalika tena, na pasipoti ile iliisha muda wake bila muhuri hata mmoja. Hilo alinieleza mwenyewe, kama mtu anavyoeleza hali ya hewa.

Nilikuwa nimeanza kwenda kwake kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilimwambia nimepita tu. Mara ya tatu akanipa msumeno. Nilichojifunza pale hakipo kwenye vitabu tulivyopewa, kwa hiyo shikeni kalamu. Unga mbichi ni mweupe, ukigonga unamwagika wenyewe. Unga wa zamani umeshikana na umekuwa kama kahawa, na aliyeutengeneza ameshahama. Tundu lenye ukingo mkali ni la juzi. Lenye ukingo uliolainika limekuwapo tangu mti uko porini, na anayekaa humo leo ni mpangaji tu, hakulitoboa yeye. Kitako cha kinyago cha Nandonde kilikuwa na matundu ya aina hiyo. Angeweza kunionyesha siku ile kwa dakika mbili, kama ningempa.

Tangu niliporudishwa kwenye ukaguzi sikuwahi kufungua kasha bila kumuuliza mwenyewe kwanza: mdudu huyu unamjua? Wengine walinidanganya, bila shaka. Mwongo nilimhesabia miguu ya mdudu mbele yake. Lakini wengi walijua mambo, na walikuwa wamezoea kutoulizwa. Mkinikumbuka kwa hilo nitashukuru, ingawa najua mtanikumbuka kwa kuficha sukari ya ofisi.

Mzee Komba alistaafu, akarudi Songea, akafariki huko akiwa mkulima mbaya wa mahindi, kwa maneno yake mwenyewe. Brashi yake aliniachia. Nimeikabidhi masjala pamoja na sanduku, msaini mkitaka kuitumia.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya kwanza bila kazi, nilikwenda Mbagala. Mzee Nandonde anaishi huko kwa binti yake Anastazia tangu alipopata kiharusi. Mkono wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo amejifunza kuchonga kwa wa kushoto, vitu vidogo, na anaviita vya mwanafunzi wake. Nilimkuta uani, gogo dogo limebanwa katikati ya magoti. Anastazia alinitengea kiti mbele yake akaenda kutazama muhogo jikoni.

Nikamwambia nimestaafu.

"Kwa heri au kwa shari?"

"Kwa pilau."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyeridhika. Tukazungumza habari za mgongo wangu na mguu wake. Kisha nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza Jumamosi zote zile, kwa sababu niliogopa msumeno aliokuwa ameshika: kama amenisamehe.

Patasi ikasimama. Alifikiri kweli, hakukurupuka. Mle ndani nilisikia Anastazia naye amesimamisha mwiko.

"Kusamehe," akasema, "hapana. Nilijaribu, padri alinisisitiza sana. Haikuja." Akapuliza vumbi juu ya gogo. "Lakini nimekuzoea. Usipokuja naulizia."

Kwa mara ya kwanza toka nianze kazi sikuwa na fomu ya kujaza. Nikasema ahsante, mzee.

"Haya," akasema, na kuishika patasi upya kwa mkono wa kushoto. "Sogeza kiti. Unanikinga mwanga."